Aliyetia Salfa ni Mimi

Mwanangu Zuhura,

Barua hufunguliwa kwa kusema mwandishi ni mzima, na anatumaini msomaji naye ni mzima. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma. Saa hizi uko mjini Lindi na baba yako, mnanunua sare ya shule yako mpya, na bibi yako yuko bondeni anachuma matembele. Nina muda kuanzia sasa, baada ya alasiri, mpaka atakaporudi. Naandika haraka, kwa sababu nikiweka kalamu chini nitaogopa, na nikiogopa nitanyamaza, na kunyamaza ndiyo hasa habari ya barua hii.

Sitakueleza mambo ya mswaki, wala kusuuza nywele ukitoka baharini, wala kumwamkia mke wa baba yako kila asubuhi. Hayo unayajua. Wewe ulikuwa unaamkia hata mbuzi wa jirani. "Shikamoo mbuzi," halafu unakuja kunishtakia kwamba hajaitikia.

Nataka kukuambia jambo moja, na naliandika hapa mwanzoni ili hata nikishindwa kumaliza liwe limekufikia. Miche ya bibi yako hukuiua wewe. Niliiua mimi.

Basi. Limeandikika.

Sasa nianze kukueleza, maana najua utauliza kwa nini, na kwa nini yangu si moja.

Unakumbuka siku ile nilivyorudi kutoka shuleni Rasbura na sanduku langu la bati, nimemaliza mtihani wa kidato cha nne? Bibi yako aliwaambia watu wote njiani: "Msomi wangu amerudi." Mimi nikatazama chini. Unanijua nilivyo. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, Kiswahili msingi na Kiingereza sekondari, na katika zote mbili sijawahi kunyoosha kidole darasani. Mwalimu wa baiolojia alifikiri mimi ni bubu mpaka aliposahihisha karatasi zangu. Kwenye karatasi nilikuwa naongea sana. Nilichora mzizi wa kunde na vile vinundu vyake, nikaandika kwamba ndani yake wanaishi bakteria wanaoushikia mmea hewa na kuigeuza chakula, nikapata alama zote. Lakini nakuungamia leo, mwanangu: nilikuwa sijawahi kung'oa kunde nikatazama. Kunde zimejaa shambani kwetu. Nilijifunza mzizi wake kwenye ubao.

Kwa hiyo nilirudi nyumbani na kichwa kilichojaa na macho yasiyozoea kutazama. Ndivyo nilivyokuwa wiki ile tulipoanza kujaza viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche.

Wewe ulikuwa unabeba udongo. Bibi yako ana desturi yake, aliyoachiwa na mama yake: viriba vyote vikishajazwa udongo na samadi, kila kimoja hutiwa juu kiganja kimoja cha udongo uliochimbwa chini ya mkorosho mkuu, ule mkongwe wa mpakani. Hakuna mche wake hata mmoja uliowahi kuondoka kitaluni bila kiganja hicho. Nilimuuliza sababu, sauti ndogo, kama kawaida yangu.

"Mtoto," akanijibu, "hapelekwi ugenini kabla hajaonja chakula cha kwao."

"Lakini Mama, udongo ni udongo."

"Na mtu ni mtu. Mbona hulali kwa jirani?"

Ukacheka wewe, ukaniambia, "Mamdogo, umepigwa bao." Ukaenda zako na ndoo kichwani, mpaka mpakani, ukarudi, ukaenda tena. Siku mbili nzima. Ulikuwa unajivunia kazi ile, maana bibi yako alikuambia miche hii haiuzwi wala haitolewi, itapandwa kwenye kipande cha marehemu mama yako, dada yangu Hadija. Na kwetu ukishakuwa na mikorosho yako mahali, hakuna atakayekuuliza unafanya nini pale. Ulikuwa unajibebea kwenu kwa ndoo.

Na mimi nilikuwa nachungulia ndoo ile. Ndani ya udongo, katikati ya majani yaliyooza nusu, niliona nyuzi nyeupe. Nyembamba kama uzi wa buibui, zimeshikana, zimetambaa kwenye kila kijiti. Nikafukua kidogo, nyuzi. Nikavunja bonge, nyuzi. Kuvu!

Naomba unielewe. Sisi watu wa korosho tumekua tunaogopa kuvu kama watu wengine wanavyoogopa nyoka. Ubwiriunga ni kuvu. Kila mwaka tunaamka alfajiri kuupulizia salfa ili maua yasigeuke majivu. Shuleni nako, kila kuvu niliyofundishwa ilikuja na ugonjwa wake pembeni: huyu anaozesha mahindi, huyu anakula ngozi ya mtu kati ya vidole. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba kuna nyingine ni za heri. Au labda aliniambia, siku ambayo nilikuwa naandika bila kusikiliza.

Mtu mwingine angesema, "Mama, hebu tazama hapa." Mimi nilishindwa. Nilifikiri nikimwambia, atasema msomi amekuja kumfundisha mama yake kazi. Nikasubiri siku mliyokwenda kwenye hitima, wewe na yeye. Nikachukua mfuko wa salfa iliyobaki msimu uliopita, nikatia kiganja kizima kwenye kila kiriba, nikachanganya kwa kijiti, nikamwagia maji ili rangi ya njano isionekane. Nilitoka jasho. Nilimaliza nikajisikia nimeokoa ukoo. Yaani nilikwenda kunawa mikono huku naimba.

Makopo yako sikuyajua. Viriba vilikuwa vimekwisha na mbegu chache zimebaki, ukazipanda kwenye makopo ya nyanya nyuma ya jiko, ukaweka udongo ule ule wa mkorosho mkuu. Yale hayakupata salfa. Ndiyo yaliyokuponza.

Nakumbuka siku ya maneno kuliko ninavyokumbuka sura ya Baba. Miche ya viriba ilikuwa imeota, ikasimama, halafu ikakataa. Majani ya njano, mengine kingo zimeungua, na haikuongezeka hata unene wa kidole. Bibi yako alikuwa amepiga magoti anaigusa mmoja mmoja. Ndipo jirani yetu Bi Somoe alipokuja kuomba chumvi, akapitia nyuma ya jiko.

"Haa! Njoo huku, shoga. Kumbe mizuri imefichwa!"

Tukakusanyika nyuma ya jiko. Makopo yako saba, mashina manene, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

"Zuhura," bibi yako akasema, "hii unaimwagia nini?"

"Maji, Bibi."

"Na ile kitaluni?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya ndoo moja, Bibi. Wallahi."

"Usiape," akasema Bi Somoe. "Mtoto mdogo hivi anaapa." Halafu akamgeukia bibi yako, akapunguza sauti, lakini wote tulisikia. "Hata mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa hapandi kitu kikaota. Mkono. Mimi sisemi zaidi. Watu wakianza kusema, watasema neno baya kuliko mkono."

Ulinitazama. Nikikuambia nimelala na jicho lile kila siku tangu hapo, sikudanganyi. Ulijua mimi ndiye mwenye maneno ya shule. Ulikuwa unangoja niseme kitu, chochote, hata uongo. Nami nikainama nikaanza kukwangua udongo kwenye jembe ambalo lilikuwa safi.

Wakati ule, haki ya Mungu, nilikuwa bado sijui kwamba ni salfa. Nilihisi tu. Kuna hisia ambayo mtu anaikalia juu ili isisimame. Lakini kujua kwenyewe kulikuja, na hapo ndipo kosa langu la kweli linapoanza.

Tangu siku ile bibi yako akaacha kukuita "mke mwenzangu". Nyumba ikawa kimya saa ya kula. Hakuna tena "mke mwenzangu usimalize samaki, mume ni mmoja." Ukawa Zuhura. Zuhura leta maji. Zuhura ondoka hapo kitaluni. Ndani ya wiki moja baba yako akapelekewa ujumbe kisiwani Songo Songo, huko Kilwa, aje akuchukue. Bibi yako hakukuchukia, naomba uliamini hilo. Aliogopa lile neno baya kuliko mkono, alitaka uwe mbali kabla halijatamkwa. Alifunga mlango akaniambia, "Kule kisiwani wanavua. Hakuna cha kukauka."

Nami nikachukua mche mmoja wa kiriba na kopo lako moja, nikafunika kanga, nikatembea mpaka ofisini kwa bibi shamba, yule dada anayezunguka na pikipiki kuwapimia watu nafasi za kupanda mikorosho. Nilikaa nje karibu saa nzima kabla ya kubisha hodi. Alipasua kiriba, akalipindua kopo, akaisuuza mizizi kwenye beseni, akailaza pamoja juu ya gazeti.

Mwanangu, laiti ungekuwepo. Mzizi wa kopo lako ulikuwa na vijizizi vingi mpaka havihesabiki, na hata baada ya kusuuzwa udongo ulikuwa umekishika kila kimoja kwa vichembe, kama sukari kwenye kashata. Mzizi wa kiriba ulikuwa mtupu. Mweusi nchani, umekonda, kama waya. Na udongo wake ulimwagika kama mchanga wa kujengea. Bibi shamba akaunusa, akaniinulia macho.

"Unanuka kiberiti. Nani katia salfa ardhini?"

Nikatazama beseni.

"Ni wewe?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Kwa nini, mdogo wangu?"

"Niliona kuvu."

Hakunicheka kwanza. Alicheka baadaye. "Yaani umesikia mwizi kavaa msuli, ukaenda kufunga kila mwanaume wa kijiji." Halafu akanieleza, na nakueleza wewe kama alivyonieleza, maana ni haki yako kujua ulibeba nini kwenye ndoo ile.

Alisema zile nyuzi nyeupe nilizoziona ni kuvu wanaokula majani makavu. Wao na bakteria ndio wanaolirudisha jani kuwa udongo. Bila wao tungekuwa tumezama kwenye majani mpaka shingoni. Lakini wako wengine, wembamba hata jicho haliwapati, ambao wanaishi ndani ya mzizi wenyewe. Wanaingia mzizini, halafu wanatandaza nyuzi zao nje, mbali, penye vinafasi ambavyo mzizi haupiti. Huko wanafuata maji na madini, hasa yale yaliyong'ang'ania kwenye mawe, wanaurudishia mti. Mti nao unawapa sukari uliyoipika juani kwa majani yake. Hakuna anayeishi vizuri peke yake. Nyuzi hizo hizo na uteute wa wadudu wadogo ndivyo vinavyoufunga udongo vichembe vichembe, ukashika maji bila kuwa tope. Kiganja cha mkorosho mkuu, alisema, ni mbegu ya hao wote. Mche mchanga ukitiwa kiganja kile unakabidhiwa kwa majirani waliokwisha kuujua mkorosho.

"Mama yako hajui jina la kitu hicho," akasema, "lakini alikuwa anakipanda."

Na salfa? Juu ya maua ni dawa, ikipulizwa kwa kipimo. Ndani ya udongo, kiganja kizima kwa kiriba kidogo vile, wapo bakteria wanaoigeuza taratibu kuwa tindikali. Udongo unakuwa mchachu, vijizizi vinaungua, kuvu wa mzizini wanakufa au wanashindwa kushika. Mche unabaki peke yake katika kiriba chake, na maji yote unayoumwagia hayaufikii.

Niliposimama kuondoka akanishika mkono. "Kamwambie mama yako leo."

Nikasema, "Ndiyo, dada."

Ilikuwa wiki tatu zilizopita.

Hilo ndilo ninalokuungamia, Zuhura. Kutia salfa kulikuwa ujinga, na ujinga una dawa. Wiki tatu hizi hazikuwa ujinga. Kila asubuhi niliamka nikasema leo. Nilifanya mazoezi ya kusema nikiwa natwanga. Nilijipa sababu: ngoja mvua, ngoja apone mafua, ngoja baba yake aje. Baba yako akaja. Na huku wewe ulikuwa unabadilika mbele yangu. Juzi nilikuona unamwomba mtoto wa Bi Somoe akuchumie kisamvu. Akakuuliza huna mikono? Ukasema, "Mimi nikishika kitakauka." Ulisema kwa kucheka, lakini mikono ulikuwa umeificha nyuma ya mgongo.

Niliona. Nikaingia ndani.

Si mara ya kwanza kukukana, na hili nalo ulijue. Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka mitatu, mimi kumi. Siku ya arobaini bibi yako alikuchukua akakuketisha mapajani kwangu mbele ya watu, akasema, "Hadija hakufa bila mdogo. Huyu sasa ni mwanao." Mapaja yangu yalikuwa membamba, ukateleza, watu wakacheka, nikakushika kwa nguvu mpaka ukalia. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna ajabu. Lakini darasani kulikuwa na watoto wa wageni, na siku uliponifuata shuleni na kijisuruali chako kimoja wakapiga kelele dirishani, "Mama Zuhura! Mama Zuhura, mwanao analia!" Nikasema, "Si wangu." Nikaendelea kuandika. Ulikaa kwenye jua mpaka mapumziko. Hukumbuki, ulikuwa mdogo sana. Mimi nakumbuka kwa niaba yetu wote wawili.

Nilikuwa nikidhani haya ni tabia ya upole. Wazee huisifu: mtoto mpole, hana maneno. Sasa naona upole wangu mwingine ni kujificha nyuma ya mtu mdogo kuliko mimi.

Na nimewaza jambo jingine. Niliona kitu nisichokijua kwenye ndoo nikakiita ugonjwa kabla ya kuuliza. Bi Somoe aliona makopo mazuri na viriba vibaya, akaita mkono. Mimi na yeye tumetenda sawasawa, ila yeye hakusoma.

Nasikia kikapu kikiwekwa kizingitini. Amerudi. Zuhura, nakwenda. Nisiporudi kwenye karatasi hii, basi ujue yale ya mwanzo.

*

Nimerudi. Isha imeshaswaliwa. Wewe uko chumbani unajipima sare, nasikia unamuuliza baba yako kama sketi si ndefu. Kwa hiyo nimalize.

Nilimkuta bibi yako amekaa na matembele yake.

"Mama, nina neno."

"Neno lako litachambua matembele?"

"Hapana."

"Basi kaa uchambue huku unasema."

Nikakaa. Nikachambua jani la kwanza, la pili. La tatu nikasema. Nilisema lote kwa pumzi moja, viriba, kijiti, hitima, bibi shamba. Akaacha mkono hewani.

"Salfa hii ya mikorosho?"

"Ndiyo, Mama."

"Ya kupulizia juu. Ukaitia chini."

"Nilidhani udongo wa mkorosho mkuu una ugonjwa."

"Udongo wa mama yangu." Akaliweka jani chini. Nilitaka apige kelele, hakupiga. "Umejua lini?"

"Wiki tatu."

"Miche umeilisha salfa," akasema polepole. "Na mwanao, wiki tatu hizi, umemlisha nini?"

Nikaokota jani lililoanguka, nikalirudisha kikapuni.

Akasimama, akajifunga kanga kiunoni. "Inuka. Neno la mkono Somoe alilisema mbele yangu, nami sikumkatalia, na kalipeleka alikolipeleka. Neno lililofika barazani halifutiwi jikoni."

Nikamwambia nitaandika. Nitaandika kila kitu, wasome wenyewe. Akanijibu, "Somoe hajui kusoma, na wewe unalijua hilo."

Barazani kwa Bi Somoe walikuwa wanawake wanne wanasuka mikeka. Bibi yako akakaa pembeni, hakunisaidia. Nikaamkia. Nikasema.

"Sema kwa sauti," mmoja akasema, "sisi masikio yameshaziba."

Nikasema tena.

"Anasema nini huyu? Kafiwa?"

Basi nikapiga kelele, mwanangu. Mimi. Nikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia: "Aliyeua miche ni mimi! Nilitia salfa! Zuhura hana kosa, mkono wake hauna kitu!"

Yule mwenye masikio yaliyoziba akasema, "Kidato cha nne chote kile, kumbe alikwenda kusomea kuua mikorosho." Wakaangua kicheko. Niliwaka uso. Lakini nakuambia, kicheko kile kilikuwa changu, kilinikaa mimi, na nilikipokea kama mzigo niliokuwa nimemtwisha mtu.

Bi Somoe hakucheka. Alifunga ukili wake. "Haya," akasema. "Tumesikia." Hakusema zaidi, na usimngoje aseme. Ila tulipokuwa tunaondoka alimwita yule mtoto wake, akamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Kesho usimchumie mwenzio kisamvu. Achume mwenyewe."

Njiani bibi yako akaniuliza kama hao wadudu wangu wanaweza kurudi. Nikamwambia bibi shamba anasema udongo wa viriba tusiurudie, tuanze upya na wa mkorosho mkuu, tuuachie majani yake juu, tusiyachome, na tusiwe na haraka. Akasema, "Haraka alikuwa nayo nani?" Ndiyo yote aliyonitukana leo. Akaongeza kwamba kipande cha Hadija kitaanza na miche yako ya makopo, sita iliyobaki, na hakuna wa kuigusa isipokuwa mwenyewe au mtu aliyemtuma mwenyewe.

Baba yako tulimwambia mliporudi, wewe ukiwa bafuni. Alisikiliza, akakuna kichwa. "Mimi sikuja kuchukua mtoto mwenye mkosi," akasema. "Nilikuja kuchukua binti yangu, na kule anapendwa, mwenzangu ameshamtandikia kitanda. Lakini kama alikuwa anaondolewa kwa kosa la mtu mwingine, basi aulizwe."

Kwa hiyo utaulizwa. Kesho alfajiri, kabla ya basi la Kilwa, bibi yako atakuita. Atakuomba radhi. Sijawahi kumwona akimwomba radhi mtoto, hata mimi, na nadhani hajui inavyoanza. Ataanza kwa kukugombeza kuhusu kandambili. Mngoje tu, usimsaidie maneno. Halafu atakuuliza kama unataka kwenda.

Usijibu kwa kunihurumia mimi. Wala usibaki ili kumwonyesha Bi Somoe, wala usiende ili kutuadhibu. Una haki ya kunikasirikia hapa au kule, na miche itakungoja, maana sasa ina wa kuitunza ambaye anaogopa kukosea. Kisiwani kuna bahari na kuna baba. Huku kuna sisi, na umeshatuona tulivyo.

Ukisema unabaki, nitambebea baba yako begi lake mpaka kituoni na kumwamkia kwa sauti ya kusikika. Ukisema unakwenda, nitabeba lako.

Mimi mama yako mdogo,
Rukia